Herufi Ndogo

Walikuja dukani kwangu Maweni saa tano asubuhi,
umeme umekatika na kurudi mara mbili,
watoto wanne wa marehemu Jumwa Thoya
na karatasi iliyokunjwa ndani ya leso:
ratiba ya mazishi, Jumamosi, Ganda.

"Nakala mia mbili," akasema Kitsao, mkubwa wao,
"na picha ile ya kitambulisho. Uitoe kivuli."

Nikachapa. Wasifu, nyimbo, sala,
aliowazaa, aliowazika, minazi kumi na mmoja.
Nikafika kwenye imani, ile wanayoisema wamesimama,
*kanisa takatifu katoliki*,
na hapo Nyevu akanishika mkono juu ya kibodi.

"Siyo hivyo. Kwetu ni *katholiko*.
Tia th, tia o mwishoni.
Waanglikana wenzangu watadhani nimehama."

"Mama alibatizwa na mapadri."

"Akaolewa kwetu."

"Akaugulia kwangu," akasema Mbodze,
wa kanisa la mabati nyuma ya kituo cha petroli,
"na sisi neno hilo hatulitamki kabisa.
Andika *kanisa la Kristo*, basi,
asije Papa akatuletea bili ya jeneza."

Wakacheka.
Kisha wakakumbuka hawajazika.

Mkwe wao, Athanasi, Morthodoksi wa kutoka bara,
alikuwa mlangoni akimbembeleza mtoto.
"Neno lenyewe la Kiyunani," akasema, kama anayemwambia mtoto.
"Halihesabu watu, halipimi ramani.
Ni ukamilifu. Ukimega mkate wa mofa
kila kipande ni mofa, hakuna kipande cha nusu-mofa."

Hakuna aliyemjibu. Mkwe ni mkwe.

Mimi na buibui langu sina kura humu.
Nimechapa kadi za maulidi na za komunyo ya kwanza
kwa wino mmoja, bei moja.
Niliuliza la kazi yangu tu:
"K kubwa au k ndogo?"

Wakanyamaza wote wanne.
Kwa kubwa, lina ofisi, muhuri, ufunguo wa geti.
Kwa ndogo, halina hata mlango.

Nikaukumbuka msikiti wetu wa Ijumaa.
Tunauita Jamia, neno la kukusanya,
yeyote avue viatu, aingie.
Na kamati yake ina mwaka wa tatu
inagombania nani akae na funguo za tangi la maji.
Hata neno "wote" lina wenyewe.

Ndipo Ngowa, kitinda mimba, aliyekuwa hajasema kitu,
akasema akitazama sakafu:
"Mama hakujua th. Alisali Kigiriama.
Alikuwa akifika hapo anasema *ra atu osi*."

La watu wote.

"Ndiyo maana ya letu," akasema Kitsao.
"Ndiyo ya letu," akasema Nyevu.
Na kila mmoja alimkazia macho mwenzake
kama aliyeibiwa.

Mwisho nikachapa *kanisa takatifu*
na baada yake nukta, kumi na nane, nilizihesabu.
Kila mtu ajaze kwa mdomo wake.

Jumamosi nilikwenda Ganda, nikaketi turubai la wanawake.
Walipofika kwenye nukta, sauti ziligongana,
*liki, liko, Kristo, osi*,
mbwa akabweka, padri na kasisi wakatazamana,
na kabla vumbi la maneno halijatua
walikuwa wameshafika *ushirika wa watakatifu*,
mstari mmoja, pumzi moja.
Nami nilikuwa nimeshika karatasi niliyoichapa mwenyewe,
kinywa nimefumba,
kidole kimelala juu ya zile nukta.

Nakala sitini hazijalipwa mpaka leo.
Kitsao anajua Nyevu alilipa, Nyevu anajua Mbodze,
Mbodze ananisalimia kwa mbali sokoni.
Siku ile niliwauliza, nani analipa?
Walinijibu kwa sauti moja, bila ubishi wa herufi:
"Sote."